Somo la Afya: Mgonjwa wa Kiharusi Aanzie Barazani

Mtu akipatwa na kiharusi, siku za kwanza nyumba hujaa wageni. Baada ya mwezi mmoja au miwili wageni wamepungua, mgonjwa ametoka hospitalini, na sasa yuko chumbani akitazama dari. Jamaa wanahofia ataanguka. Wengine, tuseme kweli, wanaona haya: mdomo umepinda, na majirani watasema ni upepo mbaya au ametupiwa kitu. Kiharusi si jini. Ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au kupasuka, na mara nyingi chanzo ni presha iliyokaa juu kwa miaka. Sehemu iliyokosa damu hufa, lakini sehemu zilizobaki zaweza kujifunza kazi ile upya, nazo hujifunza kwa kurudia tena na tena. Anayelazwa kutwa hana anachorudia.

Muulize kwanza daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama mgonjwa wako yuko tayari. Akikubali, safari ya kwanza iwe kutoka kitandani hadi barazani. Usiidharau. Barazani watu hupita na kusalimu, na mtu ambaye maneno yamempotea hulazimika kulitafuta neno "marahaba". Mwache alitafute. Kosa letu kubwa ni kumjibia. Wenzake wa bao nao wakaribishwe: kushika kete kwa mkono uliolegea ni zoezi, hata zikianguka. Baadhi ya wagonjwa hawaoni vitu vya upande mmoja. Ukimwona anaacha mashimo ya kushoto kila mara, si kwamba amesahau mchezo. Mwambie ageuze kichwa.

Akianza kutembea, simama upande wake uliodhoofika, nyuma kidogo, ukishika mkanda imara uliofungwa kiunoni. Usimvute kwa mkono uliolegea kamwe, wala usimwinue kwa kumshika kwapani, kwa kuwa bega lile halina misuli ya kulishikilia na hutoka mahali pake kwa urahisi. Bakora hushikwa kwa mkono mzima, ingawa wengi hudhani ni kinyume chake. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na ule dhaifu hutangulia kushuka. Kandambili ziachwe nyumbani. Avae viatu vilivyofungwa nyuma.

Barazani pakizoeleka, twende mbali kidogo. Kwa wakazi wa kisiwani, Mama Ngina pana njia pana iliyosakafiwa, upepo wa bahari, mibuyu ya kivuli, na meli zinazopita mlangoni mwa bandari kumpa mtu la kusema. Ufuo wa mchanga ni mgumu zaidi: magurudumu ya kiti huzama, na mguu unaoburura hujikwaa. Tuktuk ni rahisi kuliko matatu. Aketi kwanza, kisha miguu iingizwe mmoja mmoja. Mwombe dereva azime injini na asiwe na haraka. Mkiwa na kiti cha magurudumu, funga breki kila mnaposimama, na kwenye mteremko mkali kishushe kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini.

Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Jua la mchana hukausha maji mwilini, na anayetumia dawa za presha anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla. Dawa zisirukwe kwa sababu ya safari. Jueni mapema choo kiko wapi. Hofu ya kujikojolea mbele za watu huwafungia wengi ndani kuliko udhaifu wa miguu, ila hawasemi.

Kuhusu madafu na mihogo: baada ya kiharusi koo nalo laweza kulegea, na maji mepesi yakaingia mapafuni. Kama hukohoa anapokunywa, au sauti yake hubadilika kana kwamba ina maji, asipewe dafu mpaka apimwe jinsi anavyomeza. Mwenye ruhusa anywe ameketi wima, funda dogo dogo.

Ubongo unaopona huchoka upesi. Nusu saa yaweza kumtosha leo hata kama juzi alimaliza saa nzima. Akinyamaza au kuanza kuburura mguu zaidi, rudini, wala msimwite mvivu. Na safari ya pili mwulize yeye anataka kwenda wapi. Huenda asitake bahari. Huenda anataka kuswali msikitini kwake au kuona kama kibanda chake sokoni bado kipo.

Kabla ya safari za mbali, mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu ampime presha. Na popote mlipo, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukianguka anapouinua, au maneno yakivurugika ghafla kuliko kawaida yake, msirudi nyumbani kumlaza. Nendeni hospitali moja kwa moja, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa. Tazama saa dalili zilipoanza na uiandike. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.