Kalenda ya Mteja Kwanza: Mafunzo Niliyopata Katika Usaili wa Ushauri

Kampuni nyingi za ushauri hazisaili kwa kuuliza historia yako tu. Wasifu wameshausoma, sasa wanataka kuona unavyofikiri. Wanakuwekea mezani kisa cha mteja, wanakupa karatasi tupu na dakika chache, kisha wanasema: "Tupangie kazi hii." Nimesailiwa hivyo mimi mwenyewe, na miaka ya karibuni nimekaa kwenye jopo nikiwasikiliza wengine. Jambo moja limejirudia kote: mpango wa kazi hukwama zaidi pale mshauri anapomtegemea mteja kuliko pale kazi yenyewe ilipo ngumu. Ukilijua hilo mapema, maandalizi yako yote yanabadilika.

Kisa nitakachotumia hapa ni cha kutunga, nami huwapa vijana wanaojiandaa. SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya walimu mkoani Mwanza ina wanachama 6,000 na matawi matano, moja likiwa Ukerewe. Kumbukumbu zake ziko kwenye madaftari na mafaili ya Excel. Bodi inataka mfumo wa kompyuta. Mna wiki 16, kuanzia Septemba mwanzoni.

1. Uliza mteja anataka kuamua nini, na lini

Wasailiwa wengi huanza kuchora wiki ya kwanza kabla hawajajua safari inaishia wapi. Uliza kwanza. Labda bodi inataka kufunga hesabu za Desemba ndani ya mfumo mpya. Labda inataka tu kuueleza mkutano mkuu kwamba kazi imeanza. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa kwa gharama, watu na hatari. Ukishapata tarehe ya mwisho na maana yake, panga kwa kurudi nyuma kutoka hapo hadi leo.

Jopo halitakukasirikia kwa kuuliza. Maswali mawili au matatu yenye shabaha yanatosha. Ukifikisha kumi, wataona unakwepa kujibu.

2. Ijue kalenda ya mteja kabla ya kuchora yako

Hapa ndipo mwenyeji anapomshinda aliyekariri vitabu. Wanachama na viongozi wa SACCOS hii ni walimu. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba. Novemba, wa kidato cha nne. Mjumbe wa bodi aliye msimamizi wa mtihani hatapatikana kwa kikao siku hizo, hata umpigie simu asubuhi na jioni. Shule zikifungwa Desemba, wengi wanasafiri. Januari wanachama wanamiminika kuomba mikopo ya ada na mahitaji ya shule, kwa hiyo ni mwezi mbaya sana wa kubadilisha mfumo.

Ongeza na jiografia. Ukerewe ni kisiwa, na ratiba yako haina budi kuheshimu ratiba ya vivuko. Msailiwa anayeyataja haya bila kusukumwa huonyesha kwamba amewahi kutoka ofisini.

3. Piga hesabu, tena kwa sauti

"Kuingiza data: wiki mbili." Nimeisikia kauli hii mara nyingi, na huwa nauliza wiki mbili zimetoka wapi. Tuhesabu. Wanachama 6,000, kila mmoja akichukua dakika 10 kuhakikiwa na kuingizwa, ni dakika 60,000, yaani saa 1,000. Karani akifanya kazi hiyo kwa umakini saa 6 kwa siku, ni takriban siku 167 za mtu mmoja. Ukiwa na makarani watano, ni siku 34 za kazi, karibu wiki saba. Hapo hujaweka siku ya umeme kukatika wala daftari lililoliwa na mchwa.

Dakika 10 ni makisio, nawe useme hivyo. Eleza kwamba utayapima wiki ya kwanza kwa kuingiza kumbukumbu 50 za tawi moja, kisha utarekebisha ratiba. Jopo linaweza kubishana na makisio yako na bado likaridhika, ilimradi linaona njia uliyopita kuyafikia.

4. Onyesha kazi zinazosubiriana

Chati ya pau iliyopewa jina la Mmarekani Henry Gantt inajulikana kila ofisi, na kuichora si kazi. Kazi ni kueleza kipi hakiwezi kuanza mpaka kingine kiishe. Mafunzo ya makarani yanaweza kwenda sambamba na kusafisha madaftari. Kuhamisha salio hakuwezi kutangulia uhakiki. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote, kwa sababu ukichelewa siku moja hapo, mradi mzima unachelewa siku moja. Katika kisa chetu mnyororo huo unapita kwenye madaftari, ingawa wasailiwa wengi hukimbilia kuzungumzia programu ya kompyuta.

5. Taja deni la mteja

Katika usaili mmoja mwenyekiti wa jopo, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliniuliza: "Mwanangu, na mteja asipokupa data?" Nilimjibu: "Mama, naomba iandikwe tangu mwanzo nani atanipa, lini, na nani nitamwendea akichelewa." Akaitikia kwa kichwa na kuandika kitu.

Jibu hilo linahitaji kufafanuliwa. Weka safu ya pili kwenye mpango wako: majukumu ya mteja. Meneja ateue afisa mmoja wa kushughulika nanyi. Bodi iidhinishe kila hatua ndani ya siku tano. Kila tawi likabidhi madaftari kwa tarehe yake. Taja pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwani mtashika majina, mishahara na madeni ya watu. Lazima ijulikane nani anaruhusiwa kuyaona. Yote haya yaingie kwenye hadidu za rejea kabla ya mkataba kutiwa saini.

6. Fikiria mradi umeshakufa

Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza njia hii katika Harvard Business Review mwaka 2007: kabla ya kuanza, chukulia kwamba mradi umeshindwa, kisha taja sababu. Fanya hivyo nyumbani kwa dakika tano. Kwa mfano: makarani wa zamani waligoma kimya kimya wakihofia kazi zao. Madeni ya zamani yalikutwa hayalingani, na hakuna aliyetaka kuyasaini. Chagua hatari mbili au tatu na useme utafanya nini kwa kila moja. Orodha ya hatari 15 bila dawa haimsaidii mtu.

7. Ujue utakachokata

Tafuta rafiki akusaili nyumbani, na umwombe akukatize katikati kwa swali hili: "Tumepunguza wiki nne. Sasa?" Jopo hulipenda sana swali hili, na jibu la "tutafanya kazi hadi usiku" halipiti.

Jibu zuri linataja kinachoachwa. Kwa mfano, wanachama 2,400 wenye mikopo hai ndio wataingizwa kumbukumbu kamili: saa 400, makarani watano, chini ya wiki tatu. Wengine wataingizwa salio la akiba lililohakikiwa tu, na historia yao ifuate baada ya msimu wa ada. Kisha mweleze mteja gharama ya uamuzi huo: kwa miezi kadhaa, atakayetaka taarifa zake za miaka ya nyuma atafunguliwa daftari. Mwache mteja achague akiwa anajua anachokipoteza.