Kazi ya Mwalimu Isiyoonekana: Nasaha kwa Walimu na Wakuu wa Shule

Watu wengi, waonapo wanafunzi wametawanyika alasiri na ofisi ya walimu imefungwa, hudhani kwamba kazi ya mwalimu nayo imekwisha. Ilhali aghalabu hapo ndipo inapoanza sehemu yake ya pili, isiyo na kengele wala shahidi. Na tufanye hesabu. Darasa la wanafunzi 45, idadi iliyowekwa kuwa kipimo cha mwalimu mmoja katika shule za msingi za Tanzania, kila daftari likisahihishwa kwa dakika 2 tu, humtaka saa moja na nusu. Na wakiwa 90, jambo lisilo la ajabu tangu elimu ianze kutolewa bila malipo mwaka 2016, humtaka saa 3 kwa somo moja, kabla hajagusa andalio la kesho. Saa hizo atazitoa wapi, ikiwa si katika usingizi wake na katika haki ya wanawe mwenyewe?

Wala jambo hili halikufichika kwa waliotutangulia. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, lilipitishwa Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO kuhusu Hadhi ya Walimu, likataka kwamba katika kupanga saa za kufundisha izingatiwe idadi ya wanafunzi, na muda wa kuandaa masomo na kuipima kazi. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Walimu Duniani. Yamkini tumeishika sherehe, tukayaacha maandishi.

Mzigo huo usipopungua huzaa uchovu wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliueleza kuwa hali itokanayo na dhiki ya kazini ya muda mrefu isiyodhibitiwa, si ugonjwa: nguvu humwishia mtu, moyo huikinai kazi, na hujiona hafai kitu. Mwalimu aliyefikwa na hayo huitwa mvivu, au mkali, na huo ni udhalimu. Lakini huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili, pamoja na kukosa usingizi au hamu ya chakula, yaweza kuwa sonona, maradhi yenye tiba, na aendaye hospitali kwa ajili yake hana la kuonea haya kuliko mwenye malaria.

Kumwambia mwalimu apumzike bila kumpunguzia mzigo ni dhihaka. Kwa hiyo twawasihi wakuu wa shule: zamu zigawanywe kwa insafu, baadhi ya mazoezi yasahihishwe darasani, wanafunzi wakibadilishana madaftari, na maagizo katika kundi la WhatsApp yakome magharibi, ila kwa dharura. Mwalimu naye ajiwekee walau siku moja katika juma asiyobeba madaftari nyumbani.

Na mwenzenu akitamka kwamba amechoka kuishi, msimfanyie mzaha wala msimwache peke yake. Mfikisheni hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.