Dawa Huponya, Dawa Hudhuru: Somo la Matumizi Salama Nyumbani

SOMO LA AFYA

Somo hili ni la kila mkaazi anayenunua dawa dukani, anayemnywesha mtoto dawa ya maji au anayemtunza mzazi mwenye shinikizo la damu au kisukari. Ukimaliza kulisoma utaweza:

- kutofautisha madhara ya kawaida ya dawa, mzio na sumu;
- kutumia nyumbani kanuni tano ambazo wauguzi hutumia wodini;
- kutambua dalili za hatari katika dawa zinazotumika sana;
- kuchukua hatua zinazofaa iwapo mtu amezidisha dawa.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Hata hivyo, muuguzi akishakukabidhi bahasha ya dawa na ukatoka langoni, kazi yake inahamia mikononi mwako. Wewe ndiye utakayepima, utakayekumbuka saa na utakayeona mabadiliko ya kwanza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara yanayotokana na dawa, na mojawapo ya nyakati lilizozitaja kuwa za hatari ni pale mgonjwa anapohama kutoka mikono ya mhudumu mmoja hadi kwa mwingine, au kurudi nyumbani.

MAMBO MATATU YANAYOCHANGANYWA

Madhara ya kawaida ni yale yanayotarajiwa hata mgonjwa akimeza kipimo sahihi. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya chungwa. Mgonjwa asiyeambiwa jambo hili hudhani anakojoa damu, akaacha dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu.

Mzio ni mwili kuikataa dawa, hata kwa kipimo kidogo. Dalili zake ni vipele vya kuwasha, kuvimba midomo, ulimi au uso, na kupumua kwa shida. Aliyewahi kupata mzio wa dawa fulani hapaswi kuitumia tena, na jina la dawa hiyo liandikwe katika kitabu chake cha kliniki.

Sumu hutokea dawa inapozidi kiwango ambacho mwili unaweza kukihimili. Si lazima iwe dawa kali. Dawa inayouzwa hata kioskini yaweza kuua.

MFANO: PARASETAMOLI

Karibu kila nyumba ina parasetamoli. Ikitumiwa vizuri ni dawa salama, hata kwa mama mjamzito na mtoto. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku nzima.

Kwa mtoto, kipimo hutegemea uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 basi anahitaji miligramu 100 hadi 150 kila mara anapopewa. Hapa ndipo makosa huanza, kwa sababu chupa hazifanani:

- Chupa iliyoandikwa 120mg/5ml: kijiko cha mililita 5 kina miligramu 120. Kipimo ni sawa.
- Chupa iliyoandikwa 250mg/5ml: kijiko kilekile kina miligramu 250. Kipimo kimezidi kwa mbali.
- Dawa ya matone iliyoandikwa 100mg/ml: kijiko kilekile kina miligramu 500, sawa na kidonge kizima cha mtu mzima.

Mzazi hakubadilisha kijiko wala mtoto hakubadilika. Kilichobadilika ni chupa. Tena, kijiko cha mezani hubeba takriban mililita 15, yaani mara tatu ya kijiko cha dawa. Tumia kijiko au bomba la kupimia lililokuja na chupa. Likipotea, omba jingine kwenye duka la dawa au zahanati.

Kosa la pili ni kurudia dawa moja kwa majina tofauti. Mtoto ana homa na mafua. Zahanati imempa parasetamoli, baba amenunua dawa ya mafua, na nyanya ana chupa nyingine iliyobaki kabatini. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo mtoto huyu anapewa dawa ileile mara tatu na hakuna anayejua. Soma maandishi madogo kwenye pakiti. Ukiona neno "paracetamol" kwenye pakiti mbili, tumia moja pekee.

Hatari ya parasetamoli ni kwamba sumu yake hukaa kimya. Siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi lolote. Baadaye maumivu huja upande wa kulia chini ya mbavu, na ini likiwa limeharibika, macho hugeuka manjano siku ya pili hadi ya nne. Ipo dawa ya kuzima sumu hii, iitwayo asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa ndani ya saa 8 tangu mtu ameze. Anayesubiri mpaka augue hupoteza muda huo.

KANUNI TANO ZA MUUGUZI

Kila mwanafunzi wa uuguzi hufunzwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kumpa mgonjwa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Hayo ndiyo yanayomfanya muuguzi akuulize jina lako ilhali faili yako iko mkononi mwake. Usikasirike; anakulinda.

Nyumbani kanuni hizo hutumika hivi:

1. Mgonjwa sahihi. Dawa ya jirani ni ya jirani. Maumivu yanaweza kufanana na ugonjwa ukawa tofauti.
2. Dawa sahihi. Usihamishe vidonge kwenye chupa au karatasi isiyo na jina. Usiweke mafuta taa wala dawa ya kuulia wadudu kwenye chupa ya soda.
3. Kipimo sahihi. Bahasha ikiandikwa 1×3, maana yake ni kidonge 1 mara 3 kwa siku. Ikiandikwa 2×2, ni vidonge 2 mara 2 kwa siku. Usiposhika, mwambie mhudumu akueleze kabla hujaondoka dirishani.
4. Njia sahihi. Dawa ya kupaka hainywewi, na kidonge cha kuwekwa ukeni hakimezwi.
5. Wakati sahihi. Mara 3 kwa siku ni takriban kila baada ya saa 8. Ukisahau dozi moja, usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia.

Wodini kazi hii huwa na uzito zaidi. Chukua mama mwenye dalili za kifafa cha mimba. Hudungwa magnesiamu salfeti, dawa inayozuia degedege na kuokoa maisha. Ikizidi mwilini, dawa hiyohiyo hulegeza misuli mpaka pumzi ikasimama. Ndiyo maana kabla ya kila dozi muuguzi hugonga goti la mama kuona kama mguu unaruka, huhesabu pumzi zake kuhakikisha hazipungui 16 kwa dakika, na hupima mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa. Goti lisiporuka, dozi husimamishwa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu hiyo, huwekwa karibu na kitanda. Ukimwona muuguzi akimgonga mkeo au dada yako goti usiku wa manane, ujue hapo anapima usalama wa dawa.

DAWA ZINAZOTUMIKA SANA: JUA DALILI ZA HATARI

Dawa za kifua kikuu. Mkojo wa rangi ya chungwa si hatari. Rudi kituoni haraka ukiona macho ya manjano, ukitapika mfululizo au ukihisi ganzi na kuchomwachomwa miguuni. Mama anayetumia vidonge au kipandikizi cha kupanga uzazi amweleze mhudumu, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu ya njia hizo.

Dawa zenye salfa, kama Septrin na SP ya kuzuia malaria kwa wajawazito. Vipele vyenye malengelenge, macho mekundu na vidonda mdomoni ni dharura. Usimeze kidonge kingine. Nenda hospitalini siku hiyohiyo.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Zikitumiwa kwa muda mrefu huchubua tumbo na kuumiza figo. Choo cheusi kama lami ni ishara ya damu kuvuja tumboni. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, asizinunue bila ushauri.

Enalapril ya shinikizo la damu. Kikohozi kikavu ni madhara yanayojulikana. Mwambie daktari akubadilishie, usiache dawa kimyakimya. Midomo au ulimi ukivimba ni dharura. Dawa hii haifai katika ujauzito kwa kuwa humdhuru mtoto aliye tumboni.

Insulini. Ikizidi, au mgonjwa akidungwa kisha asile, sukari hushuka ghafla. Hutoka jasho, hutetemeka, husikia njaa kali na kuchanganyikiwa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari iliyokorogwa kwa maji, kisha ale. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitalini. Insulini ya kawaida ina uniti 100 kwa kila mililita, kwa hiyo hupimwa kwa bomba lake maalum pekee. Bomba jingine linaweza kukupa dozi mara nyingi zaidi ya ile uliyoandikiwa.

Vidonge vya kuongeza damu. Vile ambavyo mama hupewa kliniki hufanana na peremende, na vina madini ya chuma. Mtoto mdogo akimeza vingi hutapika na kuhara, pengine na damu, halafu huonekana amepata nafuu kabla ya kuzidiwa tena. Nafuu hiyo isikudanganye. Viweke juu, mahali pa kufungwa, na usimwambie mtoto kwamba dawa ni peremende.

MTU AKIZIDISHA DAWA

Fanya haya:

- Chukua pakiti, chupa au bahasha ya dawa yote iliyobaki uende nayo.
- Kumbuka saa aliyomeza na kadiria idadi. Mambo haya mawili ndiyo humwongoza daktari.
- Mpeleke hospitalini hata kama anaonekana mzima. Nambari za dharura ni 999 na 112.
- Kama hana fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu.

Usifanye haya:

- Usimlazimishe kutapika. Anaweza kupaliwa na matapishi yakaingia mapafuni. Kwa aliyekunywa mafuta taa hatari hiyo ni kubwa zaidi.
- Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kupikia au maji ya chumvi. Hayaondoi sumu, na humchelewesha.
- Usisubiri kesho.

Kuna familia zinazomficha mgonjwa kwa sababu alimeza dawa kwa kukusudia. Zinaogopa polisi na maneno ya majirani. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Usimkaripie wala usimwache peke yake, na mweleze muuguzi ukweli wote. Ukisema vidonge 4 ilhali vilikuwa 40, atatibiwa kama mtu wa vidonge 4.

KURIPOTI NI HAKI YAKO

Bodi ya Dawa na Sumu nchini hupokea ripoti za madhara ya dawa. Kituoni, mhudumu hujaza fomu ya manjano kwa madhara yanayoshukiwa, na fomu ya waridi kwa dawa yenye kasoro: iliyobadilika rangi, inayovunjikavunjika au yenye harufu isiyo ya kawaida. Si lazima uwe na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, kushuku kunatosha. Mwambie mhudumu na ubaki na pakiti, kwa sababu nambari ya toleo iliyo juu yake ndiyo husaidia kuifuatilia dawa mahali pengine ilikouzwa.

JIPIME

1. Mtoto ana kilo 10. Chupa ya parasetamoli imeandikwa 250mg/5ml. Je, kijiko kimoja cha mililita 5 kinafaa?
2. Mzee anayetumia dawa za kifua kikuu ana mkojo wa rangi ya chungwa na macho ya manjano. Lipi ni la hatari?
3. Binti amemeza vidonge 20 vya parasetamoli saa 3 zilizopita na anasema hahisi chochote. Utafanya nini?
4. Mama mkwe ana bahasha tano kutoka vituo vitatu. Aanzie wapi?

Majibu: (1) Hapana. Kina miligramu 250, na mtoto huyo hapaswi kuzidi 150. Mililita 2 hadi 3 zinatosha, zipimwe kwa bomba. (2) Macho ya manjano, ini linaumia. Aende kituoni leo. (3) Mpeleke hospitalini sasa hivi pamoja na pakiti. Bado yumo ndani ya saa 8. (4) Atie bahasha zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na dawa za mitishamba anazotumia, azipeleke kliniki zikaguliwe kwa pamoja.

Kuuliza si ujinga. Safari nyingine ukipewa dawa, usiondoke dirishani kabla hujajua mambo manne: jina lake, inatibu nini, inatumiwa vipi, na ni dalili gani ikitokea urudi mara moja.