Kuupima Ukali wa Mazoezi kwa Wazee

Wengi wetu twajua kumwambia babu au bibi, "Tembea kila siku, upate afya." Ushauri huo ni mwema, lakini umepungua. Atembee kwa kasi gani? Mwendo ulio mchezo kwa kijana wa kidato cha tatu waweza kuwa kazi nzito kwa mtu wa miaka 75. Tena mwendo wa kujikokota tu, usioushtua moyo hata kidogo, hautamfaa sana. Basi na tutazame jinsi ukali wa mazoezi unavyopimwa, na kwa nini vipimo vya vijana huweza kumdanganya mzee.

Mtu aketipo kimya, mwili wake hutumia oksijeni kadiri ya mililita 3.5 kwa kila kilo ya uzito wake katika dakika moja. Wataalamu hukiita kiasi hicho meti moja. Kutembea kilomita 5 kwa saa katika njia tambarare hutaka kama meti 3 na nusu. Tuseme kijana mzima aweza kufika meti 12. Kwake mwendo huo haufiki hata theluthi ya uwezo wake. Tuseme bibi yake aweza kufika meti 5 tu. Kwake ni asilimia 70. Njia ni moja, mwendo ni mmoja, wanakwenda bega kwa bega, lakini mmoja anapunga upepo na mwenzake anatoka jasho. Kwa hiyo ukisoma kitabuni kwamba kazi fulani ni "ya kadiri", uliza kwanza: ya kadiri kwa nani?

Njia nyingine ni kuhesabu mapigo ya moyo. Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mshipa wa mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe, maana lina pigo lake, nawe utahesabu moyo wako badala ya wa mzee. Hesabu mara tu anaposimama, kwa kuwa moyo hupoa upesi. Ukihesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Lakini kumbuka kuwa kosa la pigo moja hapo huwa kosa la mapigo manne kwa dakika.

Sasa mapigo hayo tuyalinganishe na nini? Kanuni ijulikanayo kote ni 220 kutoa umri, ndiyo mapigo ya juu kabisa. Ni nyepesi kukumbuka, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake huko Marekani walitoa nyingine: 208 kutoa 0.7 mara umri. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili zatoa 180. Kwa mzee wa miaka 70 ya kwanza yatoa 150, ya pili 159. Ukiifuata ile ya zamani wamhesabia mzee chini ya haki yake. Hata hiyo mpya hutoa wastani tu, na watu wawili wa umri mmoja waweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi bila yeyote kuwa mgonjwa.

Karvonen na wenzake wa Ufini walitengeneza jambo hili mwaka 1957. Walisema tusitazame kilele peke yake, tutazame nafasi iliyopo kati ya mapigo ya kupumzika na ya kilele. Mzee wetu wa miaka 70 akiwa na mapigo 69 anapopumzika, nafasi yake ni 90. Mazoezi ya kadiri huchukua asilimia 40 hadi 60 ya nafasi hiyo, yaani mapigo 36 hadi 54. Jumlisha na zile 69, upate 105 hadi 123.

Lakini hapa pana mtego. Wazee wengi hutumia dawa za shinikizo la damu, na baadhi yake, kama atenololi na propranololi, huuzuia moyo usiende mbio. Mzee huyo aweza kuwa amechoka kabisa na moyo bado ukipiga 95. Mjukuu mwenye saa na kalamu atamwambia, "Babu, ongeza mwendo!" naye atamtia hatarini. Tena wako wazee ambao moyo wao hupiga bila mpango, na kwao hesabu ya sekunde 15 haina maana.

Ndiyo sababu mimi napendelea kumwuliza mzee mwenyewe. Bwana Gunnar Borg, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Uswidi, alitunga kipimo cha kujikadiria uchovu, kianziacho 6 na kuishia 20. Namba hizo za ajabu zilitokana na moyo wa kijana, ambao hupiga kama 60 akipumzika na 200 akifika kikomo. Kwa mzee usizidishe kwa 10. Sikiliza jibu tu. 12 au 13 ni kazi ya kadiri. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo chepesi zaidi, cha 0 hadi 10, ambapo 5 au 6 ni kadiri, na 7 au 8 ni kali. Asiyependa namba azungumze njiani: akiweza kusema lakini hawezi kuimba, yuko kwenye kadiri, akikatika pumzi kila baada ya maneno machache, amepita. Maumivu ya kifua au kizunguzungu havipimwi. Asimame mara moja, apelekwe kwa daktari.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, mnaorudi mara moja kwa mwaka kucheza mpira na vijana, jueni kwamba mbio za ghafula kwa mtu asiyezoea ndizo zenye hatari kubwa kwa moyo. Anzeni kutembea miezi kadhaa kabla ya mchezo.

Zoezi: Mama mmoja ana miaka 60, na mapigo yake ya kupumzika ni 76. Tumia kanuni ya mwaka 2001 na ile ya Karvonen, utafute mipaka yake ya mazoezi ya kadiri. Kisha eleza utamwuliza nini kabla ya kumpa majibu hayo.