Nusu saa na mkubwa wako wa kazi ni kinga ya afya

Katika ofisi na viwanda vingi vya mijini, mfanyakazi akiitwa na mkubwa wake moyo humwenda mbio. Wenzake humtazama kwa huruma, kwani wanajua huenda amekosa au anapunguzwa kazi. Ni nadra mtu kuitwa ili aulizwe tu, "Kazi inakwendaje?"

Hofu ya namna hiyo haibaki ofisini. Sisi madaktari huipokea jioni katika kliniki. Mgonjwa hulalamika kwamba kichwa kinamgonga, usingizi umemtoroka, shingo na mgongo vimekaza, na tumbo linawaka moto. Hupimwa malaria, haipatikani. Hupimwa damu na mkojo, hali ni nzuri. Akiulizwa taratibu kuhusu kazi, ndipo husema kwamba ana miezi kadhaa hajui kama anafanya vyema au vibaya, wala hana wa kumwambia kuwa amelemewa.

Ndiyo maana leo tunazungumzia jambo ambalo wasomaji huenda wasilitarajie katika ukurasa wa afya. Nalo ni mazungumzo ya faragha, ya mara kwa mara, kati ya msimamizi na kila mmoja wa watu walio chini yake.

DHIKI HUFANYA NINI MWILINI?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayoitwa adrenali. Mtu akitishika, tezi hizi humwaga homoni katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, shinikizo la damu hupanda na sukari huongezeka ili misuli ipate nguvu. Ukiwa unavuka barabara na matatu inakujia mbio, homoni hizi ndizo zinazokuokoa.

Taabu huanza hatari inapokuwa haipiti. Anayeishi kwa wasiwasi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hukosa usingizi wa kutosha. Wengi huongeza pombe na sigara, huacha mazoezi na hula ovyo. Kwa njia hizi zote moyo na mishipa ya damu huumia.

Yafaa tusahihishe jambo moja. Watu wengi huamini kwamba mawazo ya kazini ndiyo yanayotoboa tumbo. Visababishi vikuu vya vidonda vya tumbo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Lakini mfanyakazi anayeumwa kichwa kila siku kwa sababu ya dhiki, naye akameza dawa hizo kila siku bila ushauri wa daktari, anajitafutia vidonda kwa mkono wake mwenyewe.

Nchini Uingereza, kuanzia mwaka wa 1985, watafiti wakiongozwa na Profesa Michael Marmot walifuatilia afya ya wafanyakazi wa serikali zaidi ya 10,000 mjini London. Waligundua kwamba waliokuwa na usemi mdogo juu ya kazi yao walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wale waliokuwa na usemi. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara na sababu nyingine za kawaida.

Hapa ndipo mazungumzo yanapohusika. Nusu saa ya faragha haitibu shinikizo la damu, na mwenye dawa zake aendelee kuzimeza. Ila humpa mfanyakazi vitu viwili alivyokuwa amevikosa: kujua anasimama wapi, na kuwa na usemi juu ya kazi yake. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini, lilipendekeza wasimamizi wafunzwe kutambua dhiki za wafanyakazi wao na kuwasikiliza.

YAFANYIKE VIPI?

Kwanza, yawe na siku na saa yake, kwa mfano kila baada ya wiki mbili. Mkubwa anayemwita mtu mambo yakiharibika tu humfundisha kuogopa mlango wake. Mwenye watu 6 atatumia saa 3 pekee katika wiki mbili. Mwenye watu 40 agawe kazi hiyo kwa wasimamizi wa zamu.

Pili, mfanyakazi ndiye aanze. Andrew Grove, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kampuni ya Intel nchini Marekani, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1983 kwamba mkutano huu ni wa mdogo, si wa mkubwa. Mkubwa aulize maswali mafupi, kisha anyamaze: "Ni nini kinachokukwamisha siku hizi? Ni kazi gani niliyokupa ambayo haieleweki? Mimi nibadilishe nini?"

Tatu, mahali pawe pa kuonekana lakini pasipo kusikika, kama chumba chenye dirisha la kioo. Hili humlinda kila mmoja, hasa pale mkubwa ni mwanamume na mdogo wake ni mwanamke. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya dhuluma za kimapenzi kazini.

Nne, yaliyokubaliwa yaandikwe na yatimizwe. Mtu akieleza shida yake mara tatu bila kuona lolote, atanyamaza, na wasiwasi wake utakuwa mkubwa kuliko mwanzo.

UGONJWA UKITAJWA

Mchukue mfanyakazi anayetibiwa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Daktari akishamruhusu kurudi kazini, bado atahitaji kufika kliniki. Akimwogopa msimamizi wake, atakosa siku ya kliniki, kisha ataruka dawa. Hapo viini vya ugonjwa vyaweza kuwa sugu, na matibabu yakawa magumu zaidi kwake na hatari kwa jamaa zake. Vivyo hivyo mwenye kisukari anayejidunga insulini, asiporuhusiwa kula kwa wakati, sukari yaweza kushuka akazimia akiwa kwenye mashine.

Mazungumzo mazuri huwa mafupi tu:

"Bosi, kila mwezi nahitaji asubuhi moja ya kwenda kliniki."

"Sihitaji kujua jina la ugonjwa. Niambie ni siku gani, nipange zamu."

Msimamizi si daktari. Hapaswi kupima, kukisia wala kushauri dawa. Kazi yake ni kupanga saa, kupunguza mzigo na kumhimiza mtu atafute matibabu. Na siri aliyoambiwa isitoke. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, habari za afya ya mtu ni miongoni mwa habari nyeti zinazolindwa zaidi.

Wafanyakazi nao wajue haki yao. Sheria ya Ajira humpa mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi awe na cheti cha daktari.

USIWE MTEGO

Mkutano huu usigeuzwe kuwa mahakama. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kiafya ana utaratibu wake katika sheria hiyo hiyo. Ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Mkubwa akiyatumia maneno ya faragha kumfukuza mtu mmoja, wote waliobaki watafunga midomo.

WEWE UFANYEJE?

Kama mkubwa wako hana desturi hii, usingoje. Mwombe dakika 20 kwa heshima, wakati ambapo hana haraka. Andika mambo mawili tu, na kwa kila moja upendekeze njia. "Hesabu za mwisho wa mwezi zinanikalisha hadi usiku, je, naweza kuzianza mapema?" ni afadhali kuliko "Nimechoka."

Hata hivyo, kuna mambo yasiyongoja mkutano. Maumivu ya kifua yanayobana, au kukosa pumzi ghafla, yapelekwe hospitali mara moja. Hali kadhalika mawazo ya kujiua. Ukikosa usingizi au furaha kwa zaidi ya wiki mbili, muone daktari. Na pima shinikizo la damu hata kama huumwi. Likiwa 140/90 au zaidi mara kwa mara, unahitaji matibabu.

Nanyi mameneja, chukueni kalenda leo mwandike majina ya watu wenu, kila mmoja na saa yake. Anzeni na yule ambaye amekuwa kimya kwa muda mrefu.