Mfanyakazi Akishtaki Kubaguliwa

SWALI: Nina duka la jumla mjini Tanga. Karani wangu, aliye mjamzito, amepeleka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akidai nilimnyima cheo kwa ajili ya mimba. Nimfukuze, au ninyamaze?

JIBU: Usifanye lolote katika hayo mawili, bwana. Kumfukuza mtu kwa kuwa amekushtaki ni kujiongezea shauri la pili, nalo aghalabu huwa zito kuliko la kwanza. Na kunyamaza, madhali hati ya madai imekwisha kukufikia mkononi, ni kumwachia mwenzio uwanja mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 7, imeutaja ujauzito miongoni mwa mambo yasiyojuzu kumbagulia mtu kwayo, pamoja na kabila, dini, ulemavu na mengineyo. Na waajiri wengi hughafilika kwamba mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha, mzigo wa ithibati humwangukia mwajiri.

Basi kusanya karatasi zako zote kama zilivyo: tangazo la cheo, alama za kila mwombaji, hata kile kijikaratasi ulichoandika kwa kalamu ya risasi “atakwenda likizo karibuni”, ikiwa kipo, ambacho nafsi itakushawishi ukichane. Usikichane. Mpe wakili akisome kwanza, kisha uende usuluhishini, ambako msuluhishi hupewa siku 30, ukiwa na moyo wa kusikia. Kwani ikiwa maneno yale ndiyo yaliyoamua, afadhali umpe haki yake hapo, faraghani, kuliko kuamriwa.