Ubongo Kids kwa jicho la mwalimu

Kwetu Makanyagio, Mpanda, TV ilikuwa moja na watoto ishirini. Tulijazana sebuleni kwa mama jirani, ndala zimerundikana mlangoni, na Ubongo Kids ikianza hakuna aliyetaka kutumwa dukani.

Katuni hiyo ilitengenezwa Dar es Salaam, ikaanza kurushwa TBC1 Januari 2014. Kina Kibena na Kiduchu waliongea Kiswahili chetu kabisa. Sasa nasomea ualimu, nimeirudia, na naona siri yake si nyimbo (ingawa bado naziimba nikifua). Siri ni mpangilio. Wahusika wanakwama kwanza kwenye shida yao, wanabahatisha, wanakosea, ndipo hesabu inaingia kwa sababu sasa inahitajika. Wimbo unakuja kukaza kumbukumbu. Darasani mara nyingi tunafanya kinyume: kanuni ubaoni, mifano miwili, zoezi, kengele.

Halafu kulikuwa na SMS. Mtazamaji alijibu swali la kuchagua kwa kitochi cha mzazi, na mhusika akamrudishia ujumbe. Hata ukikosa, unatiwa moyo. Hiyo kozini tunaita mrejesho. Lakini ukiwa na watoto 80 na huna TV, unaupataje?

Kwenye BTP nitajaribu vikadi vya A, B na C. Nauliza, wote wananyanyua kwa pamoja, naona nani kakwama kabla sijasonga mbele. Vifaa ni maboksi ya sabuni, mkasi na makapeni.